Vibuyu vya Siku ya Kumi

Majengo,
S.L.P. 17,
Embu.
Jumapili, 27 Januari 1957.

Kaka yangu mpendwa Sulemani,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tabora, na kwamba kile kikohozi ulichokitaja mwezi wa Disemba kimekwisha kukuacha, hata kama vumbi la karakana ya reli halijakuacha. Sisi huku hatujambo, Alhamdulillahi. Mama anasumbuliwa na magoti kila asubuhi, lakini jua likipanda naye hupanda, na kabla ya adhuhuri huwa amekwisha kuzunguka nyumba tatu za majirani na kurejea na habari za mtaa mzima. Baba Mdogo Idrisi bado yumo buchani, bado anagombana na mizani yake, na bado hakubali kwamba mizani ndiyo iliyo sahihi.

Binti yako Rahema ni mzima na amerefuka. Ameng'oka jino moja la mbele, na amegundua kwamba anaweza kupiga mluzi kupitia pengo hilo, ugunduzi ambao sisi wengine tungependa ungecheleweshwa kidogo.

Barua hii inasafiri na lori la Hersi hadi Nairobi, na huko ndiko itakakotiwa posta, isifunguliwe na wakaguzi wa hapa. Ndiyo maana utaona nimeandika kwa upana kuliko kawaida yangu ya siku hizi.

Sasa niingie katika jambo lako. Katika barua yako ya mwisho uliandika sentensi moja ambayo nimeisoma mara nyingi: kwamba iwapo shule ya watoto wadogo haitakuwa imesimama ifikapo mwisho wa Januari, utatuma mtu amchukue Rahema akalelewe Tanga, kwa ndugu za marehemu mama yake, mahali penye madrasa na watoto wa rika lake. Sikukujibu, kaka, kwa sababu sentensi ile ilikuwa ya haki. Mtoto wa miaka mitano anayeshinda kati ya jiko la bibi na gogo la kukatia nyama hakui sawasawa, hasa katika Hali hii ya Hatari ambapo ukipita soko tu unakutana na seng'enge. Nilinyamaza kwa kuwa sikuwa na jibu. Leo ninalo.

Unalikumbuka banda la Baba Mdogo la kukaushia ngozi, lile la mwisho wa mtaa wetu. Tangu uondoke, ng'ambo yake pamejengwa kijiji. Waembu waliokuwa wakikaa kila mmoja kwenye shamba lake wamekusanywa pamoja ndani ya mtaro na ua, na lango lina askari. Akina mama hutoka asubuhi kwenda kuchimba matuta ya lazima, na watoto wadogo hubaki na yeyote aliyepo. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la kulifanya banda lile shule: watoto wetu wa Majengo na wa kijijini wakae pamoja tangu asubuhi hadi saa saba, wacheze, wajifunze kidogo, wanywe uji. Banda ni la Baba Mdogo, lakini kiwanja ni cha serikali. Na Bibi Afisa wa Maendeleo alitoa sharti moja, kwa maandishi. Siku ya kumi ya masomo angekuja mwenyewe. Akikuta watoto thelathini au zaidi, shule ingepewa mwaka mzima na unga wa uji. Wakipungua thelathini, banda lingegeuzwa ghala la sururu na seng'enge.

Jumatatu ya tarehe 14 tulifungua. Nilivaa lile gauni la kijivu nililotoka nalo Makerere, pamoja na mtandio mpya, nikasimama mlangoni. Akina mama wa kijijini walikuja kwa wingi usiotarajiwa, majembe mabegani, watoto wamewashika mikono. Kila mtoto alipovuka kizingiti nilimnyooshea kidole na kumhesabu kwa sauti, tena kwa Kiembu, kwa kuwa nilidhani kuhesabu kwa lugha yao ni kuwaheshimu. Nilipofikia thelathini na tatu nilipiga makofi, nikaiandika tarakimu hiyo ubaoni, kubwa kama sinia. Akina mama hawakupiga makofi. Niliona hilo, nikajiambia kwamba wanawahi kazini.

Jumanne walikuja watoto kumi na wawili, wote wa Majengo. Kutoka kijijini hakuja hata mmoja.

Unanijua, kaka: mimi nikikosa jibu hutafuta sababu, na nikipata sababu moja hudhani nimepata jibu. Baba Mdogo ndiye aliyenipa ya kwanza.

"Wanaogopa tutawasilimisha watoto wao kwa uji," alisema, huku akinoa kisu. "Na wewe ulivyojifunga huo mtandio, unafanana na mke wa kadhi."

Nikaona ni maelezo yenye akili. Alasiri ile nilikwenda hadi langoni, nikaomba ruhusa kwa askari, nikawaeleza akina mama waliokuwa wakirudi kwamba shuleni hapatakuwa na somo la dini yoyote, iwe yetu au ya misheni. Walinisikiliza kwa adabu. Mmoja wao, mama yake Njura, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia mbuzi bondeni, alinijibu kwa niaba ya wote: "Ni sawa, mwalimu." Nilirudi nyumbani nimefurahi. Siku hizi naelewa kwamba "ni sawa" ya mahali hapa ni mlango unaofungwa taratibu ili usikuumize vidole.

Usiku ule nilipata sababu ya pili: kwamba wanaogopa daftari la mahudhurio, maana jalada lake lina mhuri wa serikali. Nikalifunika kwa gazeti. Jumatano walikuja kumi na mmoja, kwa kuwa mtoto mmoja wa Majengo alikuwa na mafua.

Alhamisi nilikuwa nimekwisha kuanza kuitunga moyoni barua ya kukuambia umtume mtu wa Tanga.

Aliyenitoa gizani ni mpishi wetu wa uji, Cucu Rwamba. Cucu, kama ujuavyo, ndiyo nyanya kwa Kiembu, na kila mtu humwita hivyo, hata askari wa lango. Yeye mwenyewe anakaa kijijini, na hakukosa kuja hata siku moja. Mchana ule, wakati wa kuosha vyombo, nilitazama sufuria yake iliyobaki na uji zaidi ya nusu, nikamuuliza:

"Cucu, mbona unapika uji wa watoto arobaini, na waliopo ni kumi na mmoja?"

Akaweka mwiko chini. "Umeona? Hata sasa unawahesabu."

"Nimewahesabu kwa kuwa ndiyo kazi yangu, Cucu."

"Mwalimu, wewe umesoma mpaka vitabu vikakuonea huruma. Ni nani aliyekufundisha kumwelekezea mtoto wa mtu kidole na kumwita tatu? Kuni huhesabiwa. Mbuzi wenyewe, mwenye nao hawahesabu. Huwatazama tu akajua. Mtoto ana jina."

Nikarudi kuosha vyombo. Yeye hakuwa amemaliza.

"Na mwaka ule wa kuhamishwa," akaendelea, sasa kwa sauti ya chini, "walitupanga mstari. Askari akanyoosha kidole hivyohivyo kama chako. Wanaume walihesabiwa, wakafika kumi na wawili, wakapandishwa lori. Waliorudi nawajua kwa majina, na ni wachache kuliko vidole vya mkono huu. Halafu wewe unasimama mlangoni, unahesabu watoto wao, unaandika ukutani na kupiga makofi!"

Kaka, nakuomba ufikirie aibu yangu. Desturi hii ya kutohesabu watu nilikwisha kuisoma. Niliisoma Makerere, kitabuni, chini ya taa nzuri, nikaiandikia insha na kupata alama nzuri. Na kwa sababu niliikuta kitabuni nikadhani inakaa humo. Tena si ya Waembu peke yao. Mama yetu akiulizwa amezaa watoto wangapi, wewe umewahi kumsikia akitaja idadi? Husema, "Mungu anawajua," akabadilisha mazungumzo. Nimelelewa ndani ya desturi hiyo, nimekwenda mbali kuisomea, na nimerudi kuivunja mlangoni pa shule yangu mwenyewe.

Hata hivyo sitaki kuruka kutoka kosa moja hadi jingine. Sijui kama akina mama walirudi nyuma kwa ajili ya mwiko wa kale au kwa ajili ya lile lori. Nilimwuliza Cucu ni lipi kati ya hayo mawili, akanitazama kama mtu aliyeulizwa ni mguu upi unaotembea.

Dawa aliitoa yeye. Alitaka kwanza ubao usafishwe, maana ile thelathini na tatu nilikuwa nimeiacha pale siku zote nne, ati iwe lengo letu. Alinitaka niufute mbele ya akina mama wenyewe. Basi saa tisa, walipokuwa wakirudi kutoka kwenye matuta, tuliutoa ubao nje, nikauosha kwa maji, mimi mwenyewe, nimepiga magoti na gauni langu la Makerere. Cucu aliyakinga yale maji meupe ya chaki kwenye karai, akaenda kuyamwaga mbali, upande wa mteremko. Sijui kama hiyo ni desturi ya zamani au aliitunga palepale. Mama Njura alisimama akatazama mpaka mwisho.

"Sasa huyu mwalimu ameanza kusoma," akasema, na wenzake wakacheka.

Lilibaki suala la daftari, maana Bibi Afisa alitaka hesabu, na hesabu lazima itoke mahali. Cucu akasema kila mtoto aje na kibuyu chake cha kunywea uji, kile cha nusu, ambacho kila nyumba inacho. "Ukitaka kujua kitu, uliza vibuyu. Vyenyewe havina mama wa kulalamika." Baba Mdogo, baada ya kuniuliza kama Makerere walinifundisha kuning'iniza vibuyu, alikuja na nyundo, akapigilia misumari kwenye zile nguzo zilizokuwa zikibeba ngozi. Kuanzia hapo asubuhi yetu ikawa hivi: mtoto anaingia, anatundika kibuyu chake, anakaa. Mimi namwita kwa jina, naye anaitika, "Niko!" Watoto wakiisha kwenda nyumbani ndipo ninapoviandika vibuyu.

Ijumaa walirudi watatu wa kijijini. Jumatatu iliyofuata vilitundikwa vibuyu kumi na tisa. Jumanne ishirini na vitatu. Jumatano palepale. Alhamisi, siku ya tisa, ishirini na vinane. Na mimi, niliyekuwa nimefundishwa kutohesabu, sikufanya jingine usiku kucha. Cucu alizunguka nyumba kwa nyumba kijijini. Baba Mdogo, bila kuniambia, alikuwa amepeleka salamu Ishiara kwa binamu yetu Ali, yule wajina wa baba, kwamba watoto wake wawili waliokuwa huko na wazee wa mkewe warudishwe haraka. Waliteremka kwenye lori la Hersi alfajiri ya Ijumaa, wamejaa vumbi na kubeba kuku.

Katikati ya haya yote, Rahema alipata cheo. Nilikuwa nimemwonya kwamba shuleni asiniite Shangazi, aniite Mwalimu kama wenzake. Akalifikiria jambo hilo, akaamua kutonyima upande wowote haki yake: akaniita Mwalimu Shangazi. Watoto wa kijijini wakadhani ndilo jina langu. Sasa mtaa mzima wa Majengo na nusu ya kijiji wananiita hivyo, na nimekata tamaa ya kusahihisha.

Siku ya kumi Bibi Afisa alifika saa nne kwa Land Rover, amefuatana na karani wake, Gichovi, kijana wa Embu mwenye jalada kubwa na viatu vinavyolia. Vibuyu vilikuwa vimejaa kwenye nguzo. Akina mama wengi hawakwenda kwenye matuta. Sijui waliombaje ruhusa, nami sikuuliza. Walisimama nje, wakitazama ndani kati ya mbao za ukuta.

Bibi Afisa alitusalimia vizuri. Kisha akatoa kalamu, akawageukia watoto, na kabla sijafungua kinywa akaanza kuwaelekezea ncha yake, mmoja mmoja. "Moja. Mbili. Tatu."

Mama Njura aliingia bila kubisha, akamshika bintiye mkono. Nyuma yake mlango ulijaa. Niliona kwa macho yangu, kaka, kwamba shule ingekufa kwa kuhesabiwa: kabla kalamu ile haijafika kumi, hapangebaki wa kuhesabu isipokuwa wa Majengo.

Nilisimama mbele ya kalamu. Kiingereza ninacho, nawe unajua kilivyotugharimu, lakini nilisema kwa Kiswahili ili waliokuwa mlangoni wasikie. "Tafadhali, Bibi. Watoto hawa hatuwahesabu. Tunahesabu vibuyu vyao. Kila mtoto ana kimoja."

"Mimi hapana taka kibuyu," akajibu, si kwa ukali. "Mimi nataka toto. Kibuyu iko mingi sana sokoni."

"Bibi anasema kibuyu inaweza kununuliwa hata mia," Gichovi akawaeleza akina mama, kana kwamba hawakusikia.

Kutoka jikoni Cucu Rwamba akasema jambo kwa Kiembu. Gichovi alikohoa, akatazama viatu vyake.

"Mama mzee anasema nini?" Bibi Afisa akauliza.

"Anasema... anasema kibuyu ya soko haina tumbo. Ati tutie uji kwa kila kibuyu. Mwenye iko hapa atakunywa. Yenye itabaki na uji, hiyo ndiyo ya soko."

 Bibi Afisa akaivika kalamu kifuniko chake, akavuta kigoda, akakaa.

Basi tukagawa uji. Cucu aliteka, mimi nikapeleka, na mama Njura, bila kuombwa, akamwacha bintiye akasaidia kupeleka. Mtoto anaweza kukudanganya kuhusu mikono aliyonawa na herufi anazozijua, lakini mbele ya uji wa wimbi ulio moto hana uongo. Walikunywa, wakalamba ukingo, wakasugua kwa vidole. Kila aliyemaliza alikileta kibuyu chake na kukifudikiza mkekani, miguuni pa Bibi Afisa, kama watu wanaorudisha zana baada ya kazi. Hakuna aliyehesabu kwa sauti. Midomo yake ilikuwa ikicheza kidogo, lakini hilo tulimsamehe.

Vilifudikizwa vibuyu thelathini na sita. Na kimoja, cha thelathini na saba, kilibaki kimesimama mwisho wa benchi, kimejaa, uji umekwisha kufanya utando.

"Hii ya nani?" akauliza.

Nilikauka. Utasema thelathini zilikwisha kutimia na kuzidi. Lakini kwa sharti alilolitoa Cucu mwenyewe, kibuyu kilichojaa ni kibuyu cha soko, na mtu akigundua kimoja cha uongo, ana haki ya kuvitilia shaka vyote. Gichovi alifungua jalada.  Nilijaribu kukumbuka ni mtoto gani aliyekaa pale, nisikumbuke.

Rahema akainuka, akaweka mikono kiunoni vile afanyavyo Mama.

"Hicho cha Mwalimu Shangazi! Cucu alimwekea, yeye hajanywa! Anamwogopa mzungu!"

Aliyecheka kwanza ni Cucu, hata akalazimika kushika nguzo. Kisha mlango mzima. Gichovi alijificha nyuma ya jalada. Alipomtafsiria Bibi Afisa, nadhani aliruka lile neno la mwisho, ingawa kwa jinsi bibi yule alivyocheka sina hakika.

"Kunywa, mwalimu," mama Njura alinipigia kelele kwa ile sauti yake ya bondeni. "Kunywa, tusikupeleke ghalani ukae na sururu!"

Nilikunywa, kaka. Nilikunywa uji uliopoa, wenye utando, mbele ya mkuu wa kazi na wazazi wa wanafunzi wangu, na nikakifudikiza kibuyu pamoja na vingine. Bibi Afisa aliandika thelathini na sita, kama ilivyo haki. Aliweka sahihi, akaniambia kwa Kiingereza kwamba wilaya hii imemletea hesabu nyingi sana tangu mwaka jana, na kwamba hii ndiyo aliyoiamini. Mwaka mzima, banda na unga.

Gichovi alipolitamka hilo kwa Kiembu vilipasuka vigelegele. Sijasikia vigelegele upande ule tangu kijiji kijengwe. Askari wa lango alikuja mbio akidhani pana fujo; Cucu akamkabidhi ukoko wa sufuria, naye akaupokea, akasimama palepale akila. Baba Mdogo, ambaye siku zote ameniambia kwamba baba yetu aliuza ng'ombe wanne ili binti aende kusomea kupika uji, baada ya sala ya Ijumaa alikuwa akiwasimamisha watu nje ya msikiti na kuwaeleza jinsi yeye alivyopigilia misumari. Jioni alituletea kichwa na miguu ya mbuzi kwa supu. Mama alikula, akasema kwa mara ya kwanza mwaka huu kwamba magoti hayamuumi.

Nimeshinda, kaka, nami sioni haya kuliandika. Lakini hunijui kama unadhani nitaishia hapo. Najiuliza kama nimeiheshimu desturi ile au nimeizunguka tu, maana mwisho wa siku idadi imo daftarini na mhuri uko juu yake. Cucu nilipomwuliza alisema anayetoa uji ana haki ya kujua sufuria iwe kubwa kiasi gani, na kwamba tofauti ni nani anayeuliza na kwa kidole gani. Labda ni hivyo. Labda pia ni kwamba akina mama hawakutuamini sisi wala vibuyu, ila waliona mtu akipiga magoti kufuta kosa lake, jambo ambalo miaka hii hawajaliona kwa wengi wenye chaki na madaftari. Hoja zangu mbili za kwanza zilikuwa nzuri pia, nazo hazikuleta mtoto hata mmoja. Kwa hiyo hii ya tatu naishika kwa vidole viwili tu.

Ninachokijua kwa hakika ni kidogo zaidi. Asubuhi Rahema huamka kabla yangu. Anatundika kibuyu chake karibu na cha Njura, binti wa mama yule, na wote wawili wanasemezana kwa Kiembu kwa kasi ambayo mimi, mzaliwa wa hapa, siifikii. Jana alimfundisha Mama kuitika "Niko!" kabla ya kupewa chai.

Kuna jambo moja sina budi kuungama. Kanuni ya daftari ni kwamba kwa siku kumi za mwanzo majina huandikwa kwa penseli, kwa kuwa mtoto anaweza kuondoka. Baada ya hapo anayebaki huandikwa kwa wino. Jana Jumamosi nilikaa mezani nikayapitia yote. Nilipofika kwa Rahema binti Sulemani nilisimama. Yeye ni wako, na uamuzi wa Tanga au Embu ulikuwa wako, nami sikuwa nimekuuliza. Nilinywa chai yote nikiifikiria haki yako. Halafu nikachovya kalamu, nikaandika.

Kama nimevuka mpaka wa shangazi, uniambie, nami nitakuomba radhi kwa moyo mmoja. Ila wino umekwisha kukauka.

Mama anakusalimu na anasema uvae fulana ya sufu, hata kama Tabora ni joto. Baba Mdogo Idrisi anakusalimu, pamoja na binamu Ali, ambaye wanawe wamekataa kurudi Ishiara. Cucu Rwamba hakujui, lakini anakutumia salamu kwa kuwa wewe ni baba wa mtu. Nifikishie salamu zangu kwa Mzee Hamisi na jamaa wote wa karakana, na kwa wale wa Tanga ukiwaandikia. Waambie tunawashukuru, na kwamba mtoto atakuja kuwaamkia wakati wa likizo, si kuhamia.

Mungu akulinde njiani na kazini, akupe afya na riziki ya halali, na atukutanishe siku ambayo hakuna lango la kuombea ruhusa.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukuombea,

Mwanarusi binti Ali